Kusafisha Mfumo wa Maji ya Injini ya Dizeli na Kujaza Kulanti Upya: Mwongozo wa Anayeanza, Mombasa

Maswali ni yale yale kila juma. La kwanza: Mombasa hakuna barafu, kulanti ya nini? La pili hulifuata mguu kwa mguu: si nitoe tu thamostati, gari lipoe? Majibu mafupi ni haya. Kulanti, ile dawa inayochanganywa na maji ya rejeta, hapa kwetu ni ya kuzuia kutu na kuyafanya maji yachelewe kuchemka. Thamostati, ile vali inayofungua na kufunga njia ya maji kulingana na joto, usitoe. Sababu zimo kwenye hatua zenyewe.

Kinachoua injini za dizeli Pwani si jua, ni maji. Kisiwa kimekaa juu ya jiwe la matumbawe, na maji ya kisima yanayopita humo hubeba chokaa, mara nyingi na chumvi ya bahari juu yake. Tazama ndani ya birika la chai la nyumbani. Ule ukoko mweupe ndio huo huo unaojijenga kwenye mishipa ya rejeta na kuzunguka silinda, na ukoko haupitishi joto. Chumvi nayo hula alumini polepole, na hedi (kichwa) ya injini nyingi za siku hizi ni ya alumini. Ndiyo maana kwenye kazi hii kusuuza ni kukubwa kuliko kujaza. Kujaza huchukua nusu saa. Kusuuza tenga siku nzima.

Mwongozo huu unafaa kwa pikapu, Hiace, Prado, Canter na malori madogo ya dizeli. Hatua ni zile zile, tofauti ni wingi wa maji na mahali vilipo vifuniko. Lori kubwa lenye chujio la kulanti lina mambo yake ya ziada, fuata kitabu chake.

KABLA YA YOTE: GARI LAKO LINAHITAJI KUSUUZWA AU KUTENGENEZWA?

Wengi husuuza rejeta wakitumaini kuponya gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku. Haiponi. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, fanya ukaguzi huu wa dakika kumi.

Fungua kifuniko cha rejeta, hakikisha maji yamefika juu, kisha washa gari likae sailensa, bila kukanyaga mafuta. Viputo vichache mwanzoni ni hewa tu. Vikiendelea kutoka mfululizo kama soda iliyofunguliwa, au maji yakirushwa nje injini ikiwa bado baridi, gesi ya moto inapenya kwenye njia ya maji: gasketi imeungua au hedi ina ufa. Vuta kijiti cha oili na utazame chini ya kifuniko cha oili. Rangi ya chai ya maziwa maana yake maji yamechanganyika na oili. Ukiona mafuta yanaelea ndani ya rejeta, kwa gari la gia za kawaida shuku kipoza oili cha injini au gasketi. Kwa gari la otomatiki shuku pia kipoza oili ya gia, ambacho mara nyingi kimo ndani ya rejeta yenyewe. Maji yenye rangi ya maziwa ya stroberi ni dalili yake, na gia litaharibika ukiendelea kuendesha.

Ukiona lolote kati ya hayo, acha kusuuza, tafuta fundi wa hedi au rejeta kwanza.

Onyo jingine la mapema: rejeta kuukuu iliyooza inaweza kuanza kuvuja baada ya kusafishwa. Si kwamba umeiharibu. Tundu lilikuwapo, ila limezibwa na uchafu. Kama mapezi yake yanabomoka ukiyagusa kwa kidole, weka akiba ya rejeta nyingine kabla hujaanza.

VITU VYA KUWA NAVYO

Kwanza jua mfumo wako unabeba lita ngapi. Kitabu cha gari kinasema. Kwa makadirio, pikapu na van za cc 2400 hadi 3000 hubeba lita 8 hadi 12, na malori madogo lita 12 hadi 16. Gari lenye hita ya nyuma huongeza lita moja au mbili. Mifano humu chini inachukulia gari la lita 10.

- Kulanti nzito isiyochanganywa, lita 5. Soma mtungi vizuri: nyingi zinazouzwa zimekwisha kuchanganywa na maji. Hiyo haitafaa hapa, sababu iko hatua ya 11.
- Maji yaliyotoneshwa (maji ya betri), lita 15: kumi ya kusuuzia mara ya mwisho, yanayobaki ya kujazia. Hakikisha ni maji ya betri, si asidi ya betri. Chupa hufanana na hukaa rafu moja.
- Maji ya mfereji ya kusuuzia, mitungi mitatu au minne ya lita 20.
- Thamostati mpya na gasketi yake au ringi yake ya mpira.
- Kifuniko kipya cha rejeta chenye namba ile ile ya presha. Vingi vya magari haya ni 0.9 au 1.1. Usipandishe namba ukidhani unaongeza nguvu, utapasua paipu.
- Paipu ya juu na ya chini ya rejeta kama zimevimba, zimelegea kama mkate uliolowa, au zina nyufa. Na klipu mpya.
- Beseni pana la kukingia, faneli, tochi, glavu za mpira, spana namba 10, 12 na 14, praya, bisibisi, vigingi vya tairi.
- Sitriki asidi ya unga gramu 400 na soda ya kuokea gramu 100, kama tu rejeta ina kutu au ukoko.
- Mtungi wenye kifuniko wa kuwekea kulanti chafu. Uandike SUMU kwa maandishi makubwa kabla hujautia kitu.

Hilo la mwisho si mapambo. Mitungi hii hii ndiyo tunayotekea maji ya kunywa. Kulanti nyingi zimetengenezwa kwa glaikoli ya ethilini, ambayo ni tamu kwenye ulimi na huua figo. Kiasi kidogo chatosha kumuua paka, na mji wetu hauna upungufu wa paka. Vijiko vichache vinaweza kumuua mtoto.

Kuhusu rangi: kijani, nyekundu, waridi au buluu ni rangi tu, hakuna sheria moja inayozifunga. Angalia maelezo kwenye mtungi kama yanalingana na kitabu cha gari. Magari ya Kijapani hutumia kulanti isiyo na silika. Usichanganye aina mbili. Nyingine zikikutana huganda kama uji na kuziba mishipa. Kwa malori ambayo layna zake (mabomba ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka) zinaguswa na maji moja kwa moja, tafuta kulanti iliyoandikwa kuwa ni ya dizeli nzito. Mlipuko wa dizeli huitikisa layna, viputo vidogo hujitokeza juu yake na kupasuka, na kila kinapopasuka hung'oa chembe ya chuma hadi layna itoboke. Dawa ya kuzuia hilo imo ndani ya kulanti hizo. Ndani ya maji ya bomba haimo.

KAZI YENYEWE

1. Egesha mahali tambarare, injini ikiwa imepoa kwa saa tatu au nne, bora imelala usiku kucha. Weka vigingi. Kwa Canter na wenzake, inua kebini na uhakikishe nguzo yake ya usalama imejifunga kabla hujaingiza kichwa. Washa swichi bila kuwasha injini, zungusha kidude cha hita hadi joto la mwisho, hata kama hujawahi kukigusa tangu ununue gari. Kwa sababu hakuna anayetumia hita Mombasa, kirejeta chake kidogo ndicho ghala la tope, na kama vali yake imefungwa utasuuza kila mahali isipokuwa huko. Kisha zima swichi. Ukiona paipu za hita zimekatwa na kuunganishwa pamoja, si kosa, lakini kagua huo mpira wa kuungia. Mara nyingi ni wa kuokoteza.

2. Fungua kifuniko cha rejeta polepole, kitambaa mkononi, bonyeza na zungusha hadi kituo cha kwanza, sikiliza kama kuna mfukuto, ndipo umalize. Injini ya moto kifuniko hakifunguliwi, hata abiria wakipiga kelele. Maji ndani yako kwenye presha na yanaweza kuwa juu ya nyuzi 100. Mara kifuniko kinapolegea hugeuka mvuke papo hapo na kukuunguza uso.

3. Weka beseni chini, fungua koki ya chini ya rejeta. Nyingi ni za plastiki. Zungusha kwa vidole au kipande cha kitambaa, si kwa praya. Ikikataa, iache, vua paipu ya chini badala yake. Pembeni mwa bloku ya injini kuna bolti ya kutolea maji. Ikifunguka, vizuri sana, maana tope zito hukaa huko. Ikiwa imeshikwa na kutu, usiing'ang'anie hadi ikatike.

Sasa pima ulichokikinga. Wengi huruka hili. Tuseme zimetoka lita 6.5 na mfumo ni wa lita 10: kama gari lilikuwa limejaa, basi lita 3.5 zimebaki ndani. Andika namba hiyo kwenye karatasi.

4. Toa tanki la akiba, limwage, lisugue ndani kwa mchanga kidogo na maji, lisuuze hadi hakuna chembe hata moja ya mchanga iliyobaki. Tope lililobaki humo litarudi kwenye rejeta siku ya kwanza.

5. Toa thamostati, rudisha nyumba yake bila kitu ndani. Hii ni kwa ajili ya kusuuza tu. Tumia nafasi hii kuipima ya zamani na ile mpya pia, kwani mpya mbovu si ajabu. Zining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji isiyopikiwa tena, tia kipimajoto, washa jiko. Joto la kufunguka limepigwa chapa juu yake, kwa kawaida kati ya nyuzi 76 na 88. Ianze kufunguka karibu na namba hiyo, na ikifika nyuzi kumi hadi kumi na tano zaidi, au maji yakichemka, iwe wazi kabisa, kama milimita 8 au zaidi. Ikigoma au ikifunguka nusu, ni ya kutupa.

6. Funga koki, jaza maji ya mfereji, washa injini, iache hadi paipu ya juu iwe ya moto kuishika, kisha dakika kumi zaidi kwenye mizunguko 1,500 hivi kwa dakika. Zima. Subiri ipoe hadi uweze kuweka kiganja juu ya hedi. Mwaga. Rudia hadi yatoke maji unayoweza kuona kidole chako ndani yake. Kawaida ni mara tatu au nne.

Onyo kubwa kuliko yote humu: usitie maji baridi kwenye injini ya moto ili kuokoa muda. Chuma cha moto kikipigwa na maji baridi hupasuka, na hedi za dizeli za cc 3000 za magari ya familia zinajulikana kwa kupata nyufa kati ya vali. Saa moja ya kungoja haina gharama.

7. Suuza rejeta kinyumenyume. Vua paipu ya juu na ya chini, ingiza mpira wa bustani kwenye mdomo wa chini wa rejeta, ziba pembeni kwa kitambaa, fungua maji taratibu yatokee juu. Uchafu ulioingia kutoka juu umekwama kwa kushuka, ukisukumwa kutoka chini hutoka. Fanya hivyo hivyo kwa bloku na kwa paipu za hita. Presha ya bomba la nyumbani inatosha. Mashine ya kuoshea magari usiiguse hapa. Inachana kiungo cha plastiki na alumini.

Kwa Hiace na Prado zenye hita ya nyuma, piga tochi chini ya gari na ufuate mabomba ya chuma yanayokwenda nyuma. Hewa ya chumvi hula mabomba hayo kabla ya kitu kingine chochote, na huvuja tone tone mahali usipopaangalia.

8. Hatua hii ni ya rejeta yenye ukoko au kutu nyekundu pekee. Kama maji yalitoka safi hatua ya 6, iruke. Yeyusha gramu 400 za sitriki asidi kwenye maji ya uvuguvugu, jaza, washa injini ifike joto lake la kazi, iache dakika 15 hadi 20, zima, poa, mwaga. Usiilaze usiku kucha. Asidi haichagui kati ya ukoko na chuma. Suuza mara moja kwa maji matupu, kisha mara moja kwa maji yenye gramu 100 za soda ya kuokea ili kuua asidi iliyobaki, kisha mara mbili tena kwa maji matupu. Mpangilio huo usiugeuze. Soda ikikutana na asidi nyingi hufura povu na kutokea juu ya shingo ya rejeta.

Vitu vya kutotia kamwe: magadi ya kuzibulia mabomba, asidi ya betri, dawa ya choo. Vyote vitatu hula alumini. Unga wa kuziba nyufa na manjano ya jikoni pia ni marufuku. Kweli huziba tundu, lakini huziba na kirejeta cha hita na nusu ya mishipa.

9. Wakati injini inapoa, safisha rejeta nje. Kati yake na rejeta ya eisii hujikusanya mchanga, wadudu, manyoya na mifuko ya plastiki ya barabarani. Nyunyiza maji kwa presha ndogo kutoka upande wa injini kwenda mbele, kinyume cha upepo. Mapezi yaliyolala yanyooshe kwa kitu butu. Gari nyingi zinazochemsha kwenye foleni ya feri ya Likoni ndani ni safi. Ni huku nje zimevikwa blanketi.

10. Suuza mara ya mwisho kwa maji yaliyotoneshwa, jaza hadi juu. Washa dakika kumi, poa, mwaga, pima tena kilichotoka. Ukiiruka, zile lita 3.5 zinazobaki ndani zitakuwa za mfereji au kisima, na kulanti yako ghali itaanza maisha ikipigana na chokaa. Maji yanayodondoka kutoka eisii ya nyumbani hayana chokaa na yanafaa kwa kusuuzia hatua ya 6 ukiyachuja, lakini hubeba vumbi na masizi ya mashine. Hapa mwisho usiyatumie.

Rudisha thamostati mpya. Safisha nyuso mbili hadi chuma king'ae. Kama ina kipini kidogo kinachocheza, kikae juu kabisa, maana ndicho kinachopitishia hewa. Gasketi ya karatasi au ringi ya mpira haihitaji silikoni. Mafundi wetu hupenda kuipaka nene, na ile inayofinyangwa ndani hukatika ikaenda kukaa kwenye rejeta. Kaza bolti kwa zamu, bila ubabe: nyuzi za alumini huchanika kirahisi.

Sasa kuhusu kuiacha nje. Kwenye injini nyingi za Kijapani, thamostati ina kisahani cha pili chini yake. Inapofunguka, kisahani hicho huziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupitia rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi daima. Tambarare, gari hukimbia baridi kuliko inavyotakiwa, linakula dizeli na oili inachafuka. Ukiupanda mlima wa Mazeras na mzigo, sehemu ya maji ya moto inazunguka tu ndani, na gari linachemsha. Kwa hiyo aliyeitoa ili lisichemshe amelipa mara mbili.

Funga koki, bolti ya bloku, paipu na klipu. Klipu ikae milimita chache nyuma ya ule ukingo ulionyanyuka kwenye mdomo, si juu yake.

11. Jaza kwa hesabu. Mfumo ni lita 10, unataka nusu kwa nusu, kwa hiyo kulanti nzito ni lita 5. Ndani tayari kuna lita 3.5 za maji. Tia kulanti yote 5 kwanza, kisha maji yaliyotoneshwa lita 1.5. Kama ungetia iliyokwisha kuchanganywa kwenye nafasi ya lita 6.5, glaikoli ingekuwa lita 3.25 kati ya 10, yaani theluthi tu. Watu hushangaa kwa nini kutu imerudi baada ya mwaka. Ndiyo hii.

Usizidishe asilimia 60 pia. Kulanti tupu hubeba joto kidogo kuliko maji na ni nzito kuisukuma. Asilimia 40 hadi 50 ndiyo ya kulenga. Ukipata kipimo cha glaikoli, kile cha kutazamia kwenye mwanga, usicheke namba zake za barafu: nyuzi 37 chini ya sifuri maana yake ni nusu kwa nusu, na nyuzi 24 chini ya sifuri ni kama asilimia 40.

Mimina polepole, lita moja kwa dakika, ukiminyaminya paipu ya juu.

12. Toa hewa. Elekeza pua ya gari juu kidogo, kwenye mteremko au juu ya stendi imara, ili shingo ya rejeta iwe sehemu ya juu kuliko zote. Kama kuna bolti ya kutolea hewa kwenye nyumba ya thamostati, ilegeze hadi yatoke maji matupu, kisha uifunge. Faneli kwenye shingo, kifuniko wazi, hita kwenye joto, washa. Maji yatashuka, ongeza. Yatapanda na kutoa viputo, ngoja. Thamostati ikifunguka, paipu ya chini itaanza kupata moto na maji yatashuka ghafla, ongeza tena. Piga resi hadi mizunguko 2,000 mara nne au tano, kila mara sekunde kumi. Feni ya hita ikitoa hewa ya moto na viputo vikiisha, funga kifuniko, jaza tanki la akiba hadi alama ya juu. Ujumla ni dakika 20 hadi 30. Macho yasitoke kwenye geji muda wote huo.

Na geji yenyewe usiiamini kupita kiasi. Kihisi chake kikikaa kwenye hewa badala ya maji, kitasoma baridi huku hedi inaungua. Sindano iliyoshuka ghafla gari likiwa na mzigo ni habari mbaya kama iliyopanda.

13. Jaribu. Kwanza kilomita chache tambarare na eisii ikiwa imezimwa. Rudi, tazama chini kama kuna tone. Kisha mwendo wa kweli: foleni ya Changamwe, halafu panda hadi Mazeras na eisii imewashwa. Kesho asubuhi, injini baridi, fungua kifuniko na uongeze kilichopungua. Kupungua nusu lita siku ya kwanza ni kawaida, ni hewa iliyojitoa. Kukiendelea hadi siku ya nne, kuna mahali pa kutafuta.

IKIKATAA

Linachemsha likisimama, linapoa likikimbia. Tatizo ni upepo. Feni ya umeme haiwaki, au klachi ya feni imechoka. Injini ikiwa moto na imezimwa, zungusha feni kwa mkono: ikizunguka huru bila ukinzani wowote, klachi imekwisha. Mkanda uliolegea unaweza kuwa sababu, na mapezi machafu vilevile.

Linachemsha likipanda au likikimbia na mzigo. Mishipa ya rejeta imeziba, au hakuna thamostati, au paipu ya chini inanyonywa na kubonyea. Mtu apige resi nawe utazame paipu hiyo, ikijikunja, ibadilishe. Kama vyote ni vizima, rudi kwenye mtihani wa viputo.

Maji yanapungua, chini pakavu. Angalia tundu dogo chini ya wota pampu. Alama ya mstari wa kulanti iliyokauka hapo ni pampu inayokufa. Angalia zulia la abiria, likiwa na unyevu mtamu ni hita. Magari ya dizeli ya kisasa yana kipoza cha moshi unaorudishwa kwenye injini. Kikipasuka, kulanti huingia kwenye moshi na kutoka mweupe wenye harufu ya sukari, na watu hufungua hedi bure.

Paipu ya juu ni ngumu kama fimbo asubuhi, kabla hujawasha. Presha ya gesi imekaa usiku kucha. Gasketi ya hedi, karibu kila mara.

Tanki la akiba linajaa, rejeta inabaki nusu. Vali ndogo ya kunyonya kwenye kifuniko imekwama, au kimpira kinachoenda kwenye tanki kina ufa na kinavuta hewa badala ya maji.

Kulanti imegeuka kahawia baada ya wiki. Hukusuuza vya kutosha. Hakuna njia ya mkato: mwaga, rudi hatua ya 6.

ILE CHAFU

Usiimwage kwenye mtaro. Mitaro mingi ya kisiwani na ya bara huishia baharini, kama Tudor au Kilindini. Funga mtungi ule ulioandikwa SUMU, upeleke kwenye gereji inayokusanya oili chafu na uulize kama wanapokea kulanti, na usiichanganye na oili. Iliyomwagika sakafuni ifunike kwa vumbi la mbao, fagia, kisha osha kwa maji mengi.

Mwisho, bandika kipande cha plasta karibu na kifuniko cha rejeta, uandike tarehe, kilomita na aina ya kulanti. Kulanti ya kawaida badilisha kila miaka miwili au kilomita 40,000. Ya maisha marefu fuata mtungi wake. Weka lita moja ya mchanganyiko ule ule nyuma ya kiti, mahali utingo au makanga anapajua, ili siku gari likipungukiwa njiani asikimbilie kisima.